Plagi Aliyoichomoa Mama

Mama alichomoa plagi ya seva yangu ukutani bila kuniuliza, kwa sababu radi ilikuwa imenguruma upande wa mlimani.

Skrini ikawa nyeusi. Niliisukuma kibodi pembeni kwa hasira.

Siku ya tatu hiyo nilikuwa nahangaika. Kompyuta ya marehemu Baba ilikuwa imekufa, na kamusi yake ya Kichagga, kazi ya miaka kumi na moja, ilifunguka kwenye programu za zamani tu. Diski yake ilikuwa nzima, nikataka seva mpya iibebe ile kompyuta ya zamani tumboni mwake, iigize kama bado iko hai. Kila nikijaribu, inajibu kwamba prosesa, ubongo wa mashine, haijaruhusiwa kuigiza kompyuta nyingine. Ruhusa nilishaiweka kwenye mipangilio, nikaiwasha upya mashine zaidi ya mara ishirini.

"Aikande, kunywa chai kwanza," Mama alisema, plagi ingali mkononi, vidole vyake vyeusi kwa utomvu wa ndizi. "Radi haina adabu."

Radi ilipohamia mbali, upande wa Rau, akaichomeka mwenyewe. Niliwasha bila matumaini.

Ikakubali. Kumbe ruhusa ile ilikuwa inangoja mashine ikatiwe umeme kabisa. Kuiwasha upya hakukutosha.

Kamusi ikafunguka. Karibu na mwanzo palikuwa na neno *aika*, na mbele yake Baba ameandika: "Asante. Huambiwa mtu hata kama hajui alichokufanyia."

Mama alikuwa ameshageuka kurudi kwenye ndizi zake.

"Mama," niliita.