Vipande Vitatu

Kitu cha kwanza alichokiona Tatu ni kutu kwenye mkasi. Alikuwa ameketi mkekani na kitambaa cheupe mapajani, akisubiri kuambiwa akate sanda ya Riziki, aliyezaliwa naye tumbo moja: vipande vitatu kama vya mwanamume, au vitano kama vya mwanamke.

"Riziki alikuwa huntha," alisema shangazi yao, Bi Mwanakheri. "Ndivyo tulivyomwita tangu azaliwe."

"Siku hizi hatusemi hivyo, shangazi," alijibu binamu yao Saumu, ambaye ni mwalimu. "Tunasema mtu wa jinsia tata."

"Utata umeuleta wewe na vitabu vyako!"

"Kwani hilo jina lenu alilipenda?"

"Na lako, ulimuuliza?"

Nje, wanaume waliuliza kama bado.

Tatu alikikunjua kitambaa. Alipima kwa mkono, akakata kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kisha akauweka mkasi chini.

"Mbona umeacha?" aliuliza shangazi.

"Aliwahi kuniomba nimwite kaka. Mimi nikacheka."

Akaligeukia pazia, ambako Riziki alikuwa amelazwa.

"Kaka," alisema, "nimemaliza kukata."