Gari Lililoanguka Kafubu

Mwanamume yule alilizunguka gari mara tatu kabla ya kusema neno. Alipiga teke matairi. Alilala chini kwenye vumbi la Agosti, akachungulia tumbo la gari, akainuka. Suruali hakuijali. Alipangusa buti tu.

"Nyuma inaingiza bantu ngapi?"

"Munane," alijibu Ngalula. "Na mizigo yao."

"Inakunywa petroli mingi?"

"Hapana. Inakunywa kidogo."

"Na barabara ya Kipushi, wakati ya mvua?"

"Inapita tu. Marehemu bwana yangu alikuwa anapeleka chumvi kule kila juma."

Mtu yule aliandika katika kijitabu. Ngalula alingoja aulizwe bei. Hakuulizwa. Mwishowe akaitaja mwenyewe, tena akaiongeza kidogo.

"Muzuri," alisema mtu yule bila kuinua macho.

Ngalula akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Kumbe amemletea tajiri.

Mwaka mmoja ulikuwa umepita tangu Katanga ijitenge na Kongo, na pale mtaani Kampemba watu wa Kasai kama yeye walikuwa wakifukuzwa nyumba baada ya nyumba. Kaka yake alikuwa akiwangoja Mokambo, mpakani, Ngalula na watoto wake watatu. Lakini mumewe, Émile, alikuwa amekufa siku za Pasaka, akamwachia gari asilojua kuliendesha. Alijua kuliwasha tu. Kila Jumapili baada ya misa aliliwasha ili betri isife. Akiliuza, atapata nauli ya lori na cha kula njiani. Asipoliuza, watabaki hapo hapo kungoja zamu yao.

"Fundi yake ni nani?" mtu yule aliuliza. "Nataka nisikie historia yake yote."

Ngalula alifurahi. Fundi alikuwa Mutale wa ng'ambo ya barabara, mwenyeji wa hapa hapa, aliyekula na Émile sahani moja miaka tisa. Ni kweli, mwezi wa Juni Mutale alikuja kumwomba gari liandikwe kwa jina lake, "kwa muda kidogo tu, mama," naye akamfukuza, maana mjane huibiwa kwa maneno matamu. Lakini juu ya gari lenyewe angesema nini ila sifa? Alikuwa akilitunza kama mtoto.

"Ba Mutale!" aliita. "Kuja useme na mugeni!"

Mutale alivuka barabara akifuta mikono kwa kitambaa. Alimtazama mgeni kutoka kichwani hadi kwenye buti. Kisha akafungua boneti, akainama humo kitambo.

"Muntu ya Mungu," alisema alipoinuka, "nani alikudanganya? Motokari iyi ilianguka Kafubu. Tuliitoa mule mutoni imejaa maji na kambale."

"Ba Mutale!"

"Moteri haiko yake. Ni ya motokari ingine, nayo ilikufa. Freni? Uliza ukuta ya kanisa."

Mtu yule alicheka mpaka mabega yakatikisika.

"Muongo!" Ngalula alipiga kelele. "Inawaka! Jumapili iliwaka!"

Alirukia kiti cha mbele, akazungusha ufunguo. Gari lililia wee, halikuwaka. Akazungusha tena, na tena, mpaka vidole vikamwuma.

"Kambale bangali ndani," alisema Mutale.

Mtu yule akapiga mstari katika kijitabu chake, akaenda nyumba ya tatu, kwa Clément, Mkasai mwenzake Ngalula. Clément alikuwa amekwisha kusimama mlangoni, akiisifu Opel yake kwa sauti ya kusikika hadi sokoni. Haijagonga hata kuku!

Ngalula alishuka, akaubamiza mlango.

"Mutale!" Hata lile "ba" la heshima lilikuwa limemtoka. "Unaitaka kwa bei ya vyuma, njo maana! Ulimuzika Émile kwa mikono yako, sasa unakula batoto yake! Yuda! Hata Yuda aliona haya!"

Majirani walitoka. Ngalula akamtemea mate miguuni mbele yao wote.

Mutale alikikunja kitambaa chake polepole, akakitia mfukoni.

"Kesho asubui utanitukana muzuri zaidi, mama," alisema, akavuka barabara.

Jioni, akisali na watoto, Ngalula alifika penye kuwasamehe waliotukosea, akafunga kinywa. Watoto walimalizia peke yao.

Kulipokucha hasira ilikuwa bado mbichi. Alichukua mchi wa kutwangia, akatoka na nia moja tu: kumvunjia Mutale kila kioo alichokuwa nacho.

Katikati ya barabara ilibidi aruke pembeni. Ilikuwa Opel ya Clément. Aliyeiendesha ni mnunuzi wa jana, leo kavaa sare, na nyuma yake wamebanana askari wanne na bunduki zao. Clément aliifuata mbio, peku, karatasi yenye muhuri ikipepea mkononi, akilia kwamba hajalipwa hata faranga moja.

Ngalula aligeuka. Mutale alikuwa tayari uani kwa Ngalula, boneti wazi. Alitoa mfukoni kitambaa cha jana, akakikunjua, akatwaa humo kipande cheusi, kidogo kama kidole gumba, akakirudisha mahali pake ndani ya injini.

"Mokambo iko mbali, mama," alisema. "Leta batoto."

Gari likawaka mara moja.