Bangili ya Mwenyekiti

Siku hizi mwanamke, hata msichana, hawezi kuficha uchovu. Bangili anayovaa ikigeuka nyekundu kwa uchovu, sheria inamtaka alale, na wanawake wenzake wa kikundi waje kumpikia na kumfulia. Ukigusisha bangili yako kwenye ya mwenzako, unampokea uchovu wake kama unavyompokea mzigo.

Mimi ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu hapa Tabora. Miaka sita bangili yangu ni ya kijani! Nimetetea wajane, nimewafokea wanaume mikutanoni. Wakiniambia nipumzike, nawacheka.

Leo asubuhi jirani yangu Mama Kulwa aliingia mbio na sufuria ya uji.

"Nimepata taarifa kuna bangili nyekundu humu," akasema.

Nikamwonyesha yangu.

"Si yako, mwenyekiti."

Binti yangu Nyamizi, wa miaka kumi na minne, alikuwa amesinzia mezani, kijiko mkononi, bangili yake nyekundu.

"Huwa nakupokea uchovu ukiwa umelala, mama," akanong'ona. "Ili uamke vizuri."

"Tangu lini?"

"Tangu darasa la pili."

Nikagusisha bangili yangu kwenye yake. Yake ikageuka kijani, yangu nyekundu, nikakaa sakafuni.

"Mama Kulwa," nikasema, "kawaambie wenzetu mwenyekiti amechoka."