Mbuzi ya Nazi na Ujazo wa Nyumba

Kitendawili! Nyumba ndani ya nyumba ndani ya nyumba, na mwenyewe hana pa kukaa. Umeshindwa? Ni kwetu hapa, tangu kila kaya ikatiwe ujazo wake, na kisichoingia ndani ya kingine huchukuliwa na wapimaji kikasagwa.

Mjukuu wangu Mwanasiti kachapisha vyombo vyote upya kwa mashine yake, mchemraba ndani ya mchemraba. Mbuzi yangu ya nazi ina miguu na ulimi, haiingii popote!

“Bibi, imezidi ujazo wetu kwa lita nne.”

“Nimechoka mie! Si uitie kwenye lile sanduku kubwa ulilochapisha jana? Mbona tupu? La nani?”

Akajitia kupima birika. Mara wapimaji wakabisha hodi.

“Mwanasiti! La nani?”

“Lako, Bibi. Ukikunja magoti, unaingia.”