Vali ya Moshi

Gari la Mwalimu Shekue lilitetemeka kila liliposimama, hata baada ya kubadilishiwa plagi. Mzee Kihiyo, mwenye gereji, alitaka kushusha injini. Binti yake Mboni akamzuia.

"Baba, subiri. Nadhani vali inayorudisha moshi kwenye injini imekwama."

"Ukikosea, wateja wote hawa watatucheka."

"Sikosei."

Akaifungua mbele yao. Masizi yalikuwa yameiziba, haifungi. Akaisafisha mpaka ikacheza, akairudisha, akawasha gari. Injini ikatulia.

Mzee Kihiyo aliweka kiganja kwenye bodi ya gari, akasikiliza. Mteja mwingine akamwita, "Fundi, langu utalitazama lini?"

"Fundi ni yule pale," alijibu mzee kwa sauti kubwa.

Mboni aliinua uso, mikono myeusi hadi viwikoni, na watu wakaanza kumgeukia.