Vimeamka

Mama mwenzangu, usisubiri mpaka uone silaha. Sikiliza mwanao anavyowataja majirani.

Binti aliyekuja nyumbani kwa utafiti wa amani alishaniuliza yote. Humu ndani kuna aliyebadilika? Kuna anayechukia watu? Nikajibu hakuna, huku napiga pasi shati la mwanangu. Nilikuwa nimechoka na maswali.

Akaanza kufunga begi. Nyuma ya ukuta majirani wakacheka, wale waliokimbia vita kwao. Mama yao ndiye hunisuka nywele.

Mwanangu akatoka chumbani, kifua wazi.

"Vimeamka," akasema. "Wiki hii vitahama, vipende visipende."

Binti akatabasamu. "Vitu gani vitahama, kaka? Vyombo?"

"Eeh, dada. Vyombo." Akanikonyeza.

Pasi ilikuwa juu ya kola. Ikaanza kunuka, kitambaa kikageuka kahawia, na mkono wangu haukunyanyuka. Mimi ndiye niliyemfundisha mtoto huyu kusema: watu wanakula, vyombo vinaoshwa.

"Kaa, mwanangu," nikamwambia binti. "Toa tena kalamu. Hasemi vyombo huyu. Anasema watu."