Dhahabu Haijui Kiingereza

Zamoyoni aliitaja pesa ndani ya shimo. Aliitaja kwa sauti, kwa Kiswahili kilichonyooka.

Mabula, msimamizi wa shimo, nusura adondoshe sururu. Katika machimbo yale ya nyuma ya Geita kila mtu alijua kwamba dhahabu ina masikio. Ikisikia pesa inatajwa, inahama. Ndiyo maana chini walitumia Kiingereza, na aliyewafundisha ni huyohuyo Zamoyoni, aliyewahi kumpikia Mwingereza kule Mwadui. Shilingi ilikuwa bobu. Pauni, kwidi. Zikiwa nyingi ziliitwa bredi, yaani mkate, au doo, unga uliokandwa. Hela ya kijungujiko ilikuwa pinati, yaani karanga.

"Watu hao wana njaa gani," Mabula aliuliza siku ya kwanza, "hela yote wameigeuza chakula?"

Shimo zima lilicheka. Tangu hapo hakuna aliyeteleza. Leo ameteleza mwalimu mwenyewe, na mshipa wa dhahabu ndio kwanza umeanza kung'aa.

Siku nzima alikuwa msumbufu. Mara vumbi linamwingia machoni, mara matimba, ile miti ya kushikilia paa, yanalia, mara watoke wakale kwanza. Mabula alimjibu kwamba mti ukilia uachwe ulie, na mwoga arudi jikoni akasukume chapati.

"Umelewa?" sasa alimuuliza.

"Pesa," Zamoyoni akarudia, akimkazia macho.

Watu wakaacha kila kitu. Walipanda ngazi wakisukumana, makarai yakabaki chini. Sheria ya shimo waliijua wote: mnatoka, mnanawa uso, na aliyetaja anabaki chini peke yake mpaka aitwe. Mabula alipanda wa mwisho, akaivuta ngazi juu huku akimtukania Zamoyoni mama yake. Zamoyoni hakujitetea. Aliketi, akaweka koroboi kando.

Walikuwa bado wananawa mlima uliposhuka.

Walifukua kwa majembe, kisha kwa mikono, hadi wakampata. Hapakuwa na haja tena ya kumkimbiza hospitali.

Mabula ndiye aliyekwenda kumwambia mkewe, Chausiku. Alimkuta akipepeta mchele. Hakuzunguka. Alimweleza kwamba mumewe amevunja mwiko, dhahabu imekasirika na mlima umemwangukia.

"Amejitakia, shemeji," alisema. "Sitakuficha."

Chausiku aliuliza kama kuna wengine chini.

"Hakuna. Walitoka wote."

Mwanamke akaushusha ungo taratibu.

"Basi wametoka," alisema. "Mume wangu aliniambia asubuhi, shemeji. Alisema matimba yameoza na wewe husikii la mtu. Akasema, wakikataa kutoka nitalitaja lile neno, watatoka mbio."

Mabula akaketi chini, kando ya ungo.

"Ila hilo la mwenye kulitaja kubaki," Chausiku akasema, "hakuniambia."

Waliotoka walikuwa tisa, pamoja na Mabula. Aliyebaki alikuwa mmoja.